Zamu ya Maji Mwezi wa Tisa

"Mbao mbili za jukwaa hazipo, Afande," Primus alisema kwa mara ya nne. "Tangu Jumatatu. Jumamosi mtu atakanyaga pale avunjike mguu, na mimi nimefungiwa humu."

Inspekta Aikande Swai aliweka kalamu chini. Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha moja dogo karibu na dari, na saa tatu asubuhi joto lilikuwa limeshajaa. Mbele yake alikaa mtu anayetuhumiwa kumteka mwanamke mzima, leo siku ya nne hajulikani alipo, na badala ya kulilia roho yake analilia mbao. Ama Primus alikuwa mjanja kupita wajanja wote wa Moshi, ama alikuwa fundi mitambo tu. Miaka kumi na saba ya upelelezi, na bado watu wa namna hizo mbili walimchanganya.

"Achana na mbao. Simu ya Loveness ilifikaje kwenye gari lako?"

"Si langu. Ni gari la spika. Na sijui."

"Ilikuwa nyuma ya spika kubwa. Anayezipanga spika nani?"

"Mimi."

"Na Jumapili mliogombana mbele ya watu ni akina nani?"

"Mimi na yeye. Tuligombania saa ya kuzima mitambo. Tunagombana kila mwaka, miaka minane sasa." Akafikicha macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi. "Mkinipeleka mahakamani leo, Afande, nani atamtafuta Love? Mtakuwa mmeshapata mtu wenu, mtakaa."

Neno hilo lilimchoma Aikande kwa sababu lilikuwa kweli. Mkuu wake alikwisha sema: saa tisa alasiri Primus asomewe mashtaka, watu watulie. Nje ya kituo vijana wenye fulana za Spika Nje walikuwa wameanza kujazana. Loveness Kimambo, aliyelianzisha tamasha hilo, alionekana mara ya mwisho Jumatatu saa nane mchana akitoka Njoro na mkoba wake begani. Kama alikuwa hai mahali fulani, mtu wa kumwambia mahali hapo alikuwa hajafungua mdomo, na baada ya saa tisa hakuna ambaye angemuuliza tena.

"Funguo za gari la spika anazo nani?"

"Tuko watatu. Mimi, Love na Filemon. Kila kitu chetu kina funguo tatu, na neno la Spika Nje halipiti bila wawili kukubali. Ndivyo tulivyoapishana tangu tulipokuwa tunapiga barabarani."

"Kuna neno limekwama?"

"Kuna kampuni ya Dar inalitaka jina. Walete jukwaa lao, wasanii wao, sisi tuwe wenyeji wa kupiga makofi. Filemon anataka. Mimi na Love tulikataa. Kesho wanakuja kusikia jibu la mwisho."

Aikande aliivuta karibu ile simu iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Jana jioni, ilipopatikana, kitundu cha chaji kilikuwa kimezibwa na kitu. Koplo Valerian alidhani ni takataka za mfukoni. Sasa Aikande alichukua kijiti cha meno akachokonoa, na juu ya karatasi nyeupe likadondoka donge dogo la udongo. Lilikuwa jekundu na bado lilikuwa na unyevu kwa ndani. Lilikuwa na nyuzi mbili nyembamba za mgomba.

"Primus, mara ya mwisho umepanda mlimani lini?"

"Mlima? Mimi mtu wa Muleba, Afande. Nauona kila asubuhi nikifungua dirisha. Unanitosha."

Aikande alicheka kidogo, bila kupenda. Kisha akayapanga mambo kwenye daftari, kama mama anavyopanga nyanya mafungu. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa Sita. Udongo wote wa mjini ulikuwa vumbi. Mashamba ya mpunga yenye maji yako huko chini, kwenye udongo mweusi. Udongo mwekundu, mbichi, wenye nyuzi za migomba, mwezi wa Tisa ulipatikana mlimani tu, kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayolishwa na mfongo, mtaro wa maji uliochimbwa na mababu.

Na fungu la mwisho lilikuwa dogo kuliko yote. Wako watatu. Mmoja amepotea, mmoja yuko ndani. Kesho wageni wa Dar watamkuta mmoja, na hakuna wa kumpinga.

* * *

Duka la vifaa vya umeme la Bhavesh liko Njoro, kwenye kona, na baraza yake ndiyo iliyozaa Spika Nje. Bhavesh mwenyewe, mtu mnene mwenye miwani iliyokaa kwenye kipara, hakuwahi kuchoka kulisimulia jambo hilo, hata siku kama ya leo.

"Hapo uliposimama, Afande. Jumapili, watu wametoka kanisani, joto. Loveness katoa spika ya saluni ya mama yake nje, mimi nikampitishia waya dirishani. Baba yangu, mzee Bharat, akafoka hadi akakosa sauti. Watu sitini tu. Mara umeme ukakatika! Watu wakaanza kuondoka. Yule binti akachukua dumu la maji, akalipindua, akapiga." Bhavesh aligonga kaunta kwa kiganja: mara tatu, kimya, mara mbili. Tatu, kimya, mbili. "Watu wakarudi. Mpaka leo tamasha halifunguliwi kwa spika. Linafunguliwa kwa dumu. Mwaka jana tulikuwa watu elfu sita, Afande, na kitu cha kwanza walichosikia ni dumu."

"Kati ya wale watatu, nani amenunua kitu hapa wiki hii?"

"Wote. Waya, balbu, plagi. Filemon alichukua taa ya kuchaji, ile ndogo ya kambini. Nikamuuliza ya nini, tuna taa za jukwaa. Akasema ya nyumbani, kule Mamba, mlimani, umeme unasumbua."

"Lini?"

"Jumatatu asubuhi." Bhavesh aliishusha miwani kutoka kiparani, akaivaa, akaivua tena. "Afande, sitaki kumsingizia mtu."

"Hujamsingizia. Umeniuzia taa tu."

Filemon alikuwa uwanjani, hatua mia mbili kutoka hapo, amesimama juu ya jukwaa lenye pengo la mbao mbili, anaongea na vijana waliomwelekezea simu. Ndiye mshereheshaji wa Spika Nje, na sauti yake ilihitaji kipaza sauti kwa heshima tu. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa ya kweli, jambo ambalo Aikande aliliweka akilini bila kulitafsiri.

"Tutawasaidia polisi kwa lolote!" alikuwa anasema. "Usiku na mchana! Wakitaka nguvu zetu, wakitaka miguu yetu, sisi tupo!"

Watu wakapiga makofi. Aikande alisubiri makofi yaishe.

"Jumatatu mchana ulikuwa wapi, Filemon?"

"Mamba, Afande. Nyumbani. Babu alinirithisha kihamba, siwezi kukiacha kikauke. Nilipanda kumwagilia migomba. Nimeshuka jana." Akanyoosha mguu kuonyesha kiatu, na kweli pembeni mwa soli kulikuwa na ukoko mwekundu. "Ona, tope la mfongo hilo."

Jibu lilikuwa zuri. Lilieleza kiatu, lilieleza safari, na lilikuja kabla halijaulizwa. Aikande aliyaogopa majibu yanayokuja kabla ya maswali.

"Vizuri. Twende ukanionyeshe."

"Sasa hivi? Afande, Jumamosi ndiyo hii, nina..."

"Umesema nikitaka miguu yenu mpo." Aikande aliangalia simu zote zilizokuwa bado zimeinuliwa. "Gari liko pale."

Mdomo uliponza kichwa. Filemon aliangalia kushoto, akaangalia kulia, na kila upande kulikuwa na uso unaomsubiri awe mtu wa maneno yake. Akashuka jukwaani akiruka lile pengo bila hata kulitazama.

* * *

Gari lilipanda, hewa ikapoa, migomba ikazidi kubana barabara kutoka pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki utepe. Valerian, aliyekuwa anaendesha, alikuwa mtu wa Dodoma, na kila alipopandishwa huku alilalamika kwamba hawezi kuona mbali. Leo Aikande naye alilihisi jambo hilo, ingawa yeye alizaliwa Machame katika migomba ileile. Saa yake ya mkononi ilisema saa saba kasoro dakika kumi. Zimebaki saa mbili na ushee, na alichokuwa nacho ni punje ya udongo, taa na kiatu.

Kihamba cha babu yake Filemon kilikuwa na nyumba ya bati iliyofungwa, ua wa masale, mimea ya majani marefu, kuzunguka mpaka, na migomba inayokufa.

Aikande alisimama katikati yake akageuka taratibu. Majani yalikuwa yamekunjana. Kahawa ilikuwa imelegeza majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Vijitaro vya kumwagilia vilikuwa na nyufa zinazotosha kuingiza kidole. Aliinama akaingiza kidole, akakitoa na vumbi.

"Umesema ulimwagilia."

"Jua kali, Afande. Linakausha upesi."

"Siku tatu?"

"Yalikuwa maji kidogo."

Kabla Aikande hajajibu, majani ya ua wa masale yalisukumwa kando, bibi mmoja akapita, mfupi, amefunga kanga kiunoni, jembe begani, buti za mpira zinazompwaya miguuni. Alimwona Filemon na uso wake wote ukafunguka.

"Filemon! Aika, mwanangu, aika mbe, asante sana! Mungu akuzidishie!"

"Shikamoo, bibi," Aikande alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Machame, bibi. Kwa akina Swai."

"Haya, karibu. Mimi Elisifa, jirani wa huyu. Mtunze sana kijana huyu kama ni mwenzenu, ana moyo wa babu yake. Kanipa zamu yake ya maji!"

Filemon alikohoa. "Bibi, wageni wana haraka..."

"Zamu yake ilikuwa lini?" Aikande aliuliza.

"Leo! Alhamisi, saa saba. Ya kwangu imebaki siku tisa bado, na maharage yangu yameshalala chini. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Jumatatu jioni kaja mlangoni, kasema bibi chukua ya kwangu, mimi siihitaji. Nikamwambia rudia, sijasikia vizuri." Bibi Elisifa alicheka hadi jembe likatikisika begani. "Nimetoka kufungua maji ya nduwa sasa hivi."

Valerian hakuona kitu cha ajabu. Kwa mtu wa Dodoma, jirani kumpa jirani maji ni ukarimu, Mungu ambariki. Lakini Aikande alikuwa amekulia kwenye mfongo. Alimkumbuka baba yake, mzee wa kanisa, aliyesamehe wezi wa kuku na wasengenyaji, akimfukuza shemeji yake na panga kwa sababu ya nusu saa ya maji. Mlimani mtu atakupa ndizi, atakupa maziwa, akikupenda sana atakupa mbuzi. Zamu yake ya maji mwezi wa Tisa, huku migomba yake mwenyewe inakufa, hakupi. Labda awe na kitu kwenye kihamba chake ambacho hataki kilowe.

"Ulimwagiliaje Jumatatu," Aikande alimuuliza Filemon polepole, "kwa zamu ya Alhamisi?"

Filemon aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu.

"Na sasa, bibi," Aikande aliendelea bila kumwondolea macho, "zaidi ya maharage, afya inasemaje?"

"Afya ipo. Ila masikio, mwanangu. Tangu juzi nikiwa shambani nasikia ngoma. Chini kabisa, kama inatoka kwenye miguu. Jana nilikwenda zahanati, wamenipa vidonge vya presha."

"Inapigaje hiyo ngoma?"

Bibi alishangaa kuulizwa, lakini alishusha jembe akagonga mpini wake kwa fundo za vidole. Tatu, kimya, mbili.

Valerian aligeuka. Hata yeye alikuwa amesimama dukani kwa Bhavesh.

"Ni mzee, Afande," Filemon alisema haraka. "Amesema mwenyewe ni presha."

"Bibi, huku Mamba wazee walichimba mashimo ya kujificha zama za vita. Hapa kuna moja?"

"Lipo. La babu yake huyu."

Aikande alimwona Filemon akijikaza, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri gari lipite. Mahali pa shimo polisi hawajui. Kihamba ni ekari mbili za migomba na majani makavu. Saa tisa Primus anasomewa mashtaka. Filemon hakuhitaji kusema uongo mwingine, alihitaji kunyamaza tu, na angeweza kunyamaza mpaka kesho.

Juu yao, kutoka upande wa nduwa, lile bwawa dogo linalokusanya maji ya mfongo usiku kucha, mlio ukaanza kusikika. Kwanza ulikuwa kama upepo kwenye majani.

"Mdomo wa shimo uko kwake huyu," Bibi Elisifa alisema akiinua jembe, tayari kuyafuata maji yake. "Ila tumbo liko kwangu. Walichimba kuelekea huku, chini ya maharage yangu. Mwaka ule wa mvua nyingi shamba lilitoboka, maji yote yakaingia humo, nikapoteza ndama. Babu yako hakukuonyesha, Filemon? Alikuwa anazungushia ukingo pale kila mwaka."

Kijana akawa mweupe midomoni.

"Bibi," alisema. Ile sauti ya uwanja mzima ilikuwa imekwisha, imebaki ya mtoto. "Bibi, funga maji."

"Nini?"

"Funga maji! Yumo humo! Funga!"

Akaanza kukimbia kuelekea migombani, na Valerian nyuma yake.

* * *

Nduwa ikishafunguliwa haizibwi mpaka imalize. Bibi Elisifa alilisema hilo akiwa tayari anakimbia, buti zinampiga kwenye ugoko, na Aikande kando yake. Maji yalikuja mekundu kwenye mfongo, yamebeba povu na majani. Hatua thelathini mbele mfongo uligawanyika kuingia kwenye maharage.

"Tuyageuze wapi?"

"Hakuna pa kuyageuza! Kule kwake yanaingia mdomoni, kwangu yanaingia tumboni." Bibi alisimama ghafla. Chini ya ukingo wa kulia ilipita barabara, kavu, ya vumbi, isiyolisha mtu. Aliitazama barabara, akayatazama maharage yake yaliyolala. Kuvunja ukingo wa mfongo ni kesi. Wazee watakaa, atatozwa mbuzi, na zamu itakayofuata atanyimwa. Kwa mwanamke anayelala peke yake na maharage yake, hiyo ilikuwa njaa ya mpaka mvua za vuli.

"Kuna mtu humo kweli?" aliuliza.

"Binti wa Njoro. Siku ya nne. Ndiyo ngoma yako hiyo, bibi."

"Mae!" Bibi Elisifa alisema, na jembe likashuka. Alikata mara moja, mara mbili, mara ya tatu Aikande alipiga magoti akang'oa udongo kwa mikono, na ukingo uliodumu toka enzi za mababu ukapasuka. Maji yakaruka barabarani na kuteremka na vumbi lote. Siyo yote. Utepe mwembamba uliwahi kupita, ukazama kwenye maharage, na katikati ya tuta la tatu ardhi ikaunywa kwa sauti.

Mdomo wa shimo ulikuwa nyuma ya nyumba, chini ya rundo la majani makavu ya mgomba. Valerian alishalirusha pembeni. Chini yake kulikuwa na mbao mbili nene, zimelazwa pamoja, na juu ya moja herufi za rangi ya njano: SPIKA NJ. Filemon alikuwa amekaa chini kando, ameshika kichwa.

"Nilimwambia twende tuone eneo la jukwaa la pili," alikuwa anasema, bila kuulizwa. "Akataka kuliona shimo. Akashuka mwenyewe. Nikavuta ngazi. Mkoba aliuacha juu, simu nilimwangushia ajimulikie, akanirudishia kabla sijavuta ngazi, nikaificha nyuma ya spika... Nimemwachia maji, Afande. Ndizi. Taa. Ilikuwa mpaka Jumamosi tu."

"Na Jumamosi ukimtoa, angesema nini?"

Filemon aliinua uso. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili. "Nilikuwa sijafika huko," alisema.

Mabega ya Valerian hayakupita. Aikande alivua koti, akauma tochi mdomoni, akashuka kwa ngazi ileile. Mita tatu chini shimo lilijikunja likawa njia ya kutambaa, na ukuta ukamgusa pande zote: mgongoni, kifuani, kwenye viwiko. Hakuweza kugeuka. Aliogopa, na hakuwa na nafasi hata ya kutetemeka. Maji yalidondoka shingoni kutoka kwenye mizizi, na chini yake tope lilikuwa linapanda, baridi, kwenye mikono. Akasukuma mbele kiwiko kwa kiwiko, akahesabu, maana mtu anayehesabu hapigi kelele.

Alipofika kumi na tisa alisikia. Tatu, kimya, mbili.

Njia ilifunguka kuwa chumba cha kukaa mtu ameinama. Mwanga wa tochi ulimkuta Loveness Kimambo amesimama kwa magoti juu ya jiwe, taa imekwisha chaji, maji yamefika kwenye goti, na mkononi mwake dumu tupu la lita tano. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Alikuwa hawezi kuuacha mkono usipige.

"Polisi," Aikande alisema. "Nikigeuka, shika kifundo changu cha mguu, tunatoka."

Sauti ya Loveness ilipotoka ilikuwa ya kukwaruza.

"Leo lini?"

"Alhamisi."

"Jukwaa limesimama?"

"Limesimama. Mbao mbili hazipo."

* * *

Nje, jua lilimfanya Loveness afumbe macho. Bibi Elisifa alimfunika kanga yake mwenyewe, akamsugua mgongo, akamwambia maneno ya Kichagga ambayo hayakuwa na haja ya maana. Kule barabarani maji ambayo yangemvusha siku tisa yalikuwa bado yanateremka kwenda kusikohitajika. Bibi hakuyatazama.

Hapo ndipo Filemon aliposimama. Valerian alimshika bega, lakini Filemon hakukimbia. Alikwenda kwenye ua hatua mbili, akachuma jani moja refu la isale, akalifunga fundo. Kisha akapiga magoti mbele ya Loveness, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Kila mtu wa mlimani alijua maana yake. Isale halikataliwi. Aliyekuulia mwana akikuletea isale, unakaa chini, unamsikiliza, unasamehe. Anayelikataa, ukoo mzima humnyooshea kidole kwa kila baya litakalofuata. Bibi Elisifa aliacha kusugua. Aikande aliona macho ya binti yakienda kwa bibi, yakaja kwake, yakarudi kwenye jani. Hajamaliza dakika kumi juu ya ardhi, na shimo la pili lilikuwa limeshachimbwa mbele ya miguu yake. Aikande alitaka kusema kitu na sheria haikumpa cha kusema.

"Love," Filemon alisema. "Niliyatoa maji yangu yote. Ili usilowe. Ningekuwa na ubaya, ningefanya hivyo?"

"Usingeyatoa, nisingempata," Aikande alimwambia.

Loveness hakuwa anawasikiliza. "Primus yuko wapi?" aliuliza.

"Kituoni. Ndani," Aikande alisema. "Tangu jana. Kwa kukuteka wewe."

Binti alilisikia, akalimeza polepole. Kisha akakunja vidole vyake vilivyochubuka na kuviingiza ndani ya kanga, mbali na jani.

"Mimi nimeshatoka," alimwambia Filemon. "Aliyebaki ndani ni yeye. Mpelekee."

"Primus si mtu wa huku. Hata hajui isale ni nini."

"Ndiyo. Atakuuliza ni jani la nini. Utamweleza."

Bibi Elisifa aliguna, akaanza tena kumsugua mgongo. Valerian alimfunga Filemon pingu, na kwa kuwa hakukubali kuliachia lile jani, akamfunga nalo. Saa ya Aikande ilikuwa imeingia tope lakini ilikuwa inatembea bado: saa nane na dakika ishirini. Akafuta mkono kwenye suruali, akapiga simu kituoni, akasema mlango ufunguliwe.